Kobalti ya Kakangu

Rennes, 17 Septemba 2018

Kaka Tugdual,

Salamu kutoka Rennes, na nyingine zaidi kutoka kwa Mama. Jumapili alinishika mkono mlangoni akaniuliza kama huko Trondheim wanauza siagi yenye chumvi. Nikamwambia wanauza. Sijui kama ni kweli, nilitaka tu apumue. Stroberi za Plougastel zimekwisha, jemu imeshafungwa, na chupa zako nne zimewekwa pembeni zikiwa na jina lako, ingawa wewe huna habari ya kuja. Daktari wa moyo kule Brest amepanga kumpasua Januari. Anasema ni kazi ya kawaida. Mama anasema ya kawaida kwake yeye mwenye kisu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ujumbe wa simu unaujibu kwa kidole gumba, na mimi nimechoka kupewa vidole gumba.

Sasa neno langu. Mwezi wa sita maabara ilihamia jengo jipya, mabomba yanang'aa, makabati ya hewa yananong'ona tu badala ya kunguruma. Mimi naingia mwaka wa mwisho. Kazi yote niliyopewa na Profesa Bescond imesimama juu ya makala yako, na kobalti yako, kaka, hainisikilizi.

Nakumbuka ulivyomweleza Mama kwa kisu cha mezani. Metali ni makali, ulimwambia, na fosfini ni mpini unaoyashika. Badilisha mpini, kisu kitakata namna nyingine. Zamani kila mpini ulichongwa upya kutoka kwenye gogo, wiki baada ya wiki. Sisi tunachukua mpini wa dukani, tunaufunga kwenye metali, na metali yenyewe inainama, inakata kifungo cha kaboni na hidrojeni kilicho jirani yake kwenye mpini uleule, na pale inapachika kipande kipya. Mama akauliza ni kisu gani hicho kinachochonga mpini wake chenyewe. Ukasema watu wote wanatumia cha rodi, metali ghali kuliko dhahabu, lakini mwanao amekifanya kwa kobalti, metali ya bei rahisi. Mama alipiga makofi kama yuko uwanjani.

Nimefuata kila neno uliloandika. Mara moja moja inakubali, na vizuri tu. Mara nyingi, hasa tangu tuhame, nafungua chupa asubuhi nakuta kimiminika cha bluu kama nilivyokiacha, na fosfini imetoka kama ilivyoingia. Wenzangu wameanza kusema sina mkono. Unajua maana yake hapa kwetu. Mwenye mkono akikosea, kosa ni la dawa. Asiye na mkono, kosa ni yeye.

Niambie ni kitu gani ulikifanya ambacho hukukiandika. Hata kiwe kidogo.

Dada yako,
Rozenn


Trondheim, 26 Oktoba 2018

Mdogo wangu Rozenn,

Nisamehe kuchelewa. Huku jua linatoka karibu saa tatu likiwa limechoka, na mimi pia. Mwambie Mama siagi yenye chumvi ipo, tena nzuri, na kwamba naivaa ile sweta yake ingawa mikono ni mirefu. Kuhusu Januari msijitie hofu, siku hizi valvu ya moyo wanaibadilisha kama balbu.

Kwangu mambo ni mazuri kwa kiasi. Idara inakutana Machi kuamua kama nabaki moja kwa moja au nafunga virago. Watanipima kwa ile makala; hapa wananiita Mtu wa Kobalti, mpaka mlinzi wa mlangoni ananiita hivyo. Kwa hiyo elewa kwamba nacheka kidogo ninaposikia haifanyi kazi.

Haya, sikiliza. Fosfini yako imekwisha kuharibika. Nakujua: unafungua chupa kama unavyofungua jemu, unachota, kifuniko unakiacha mezani ukipiga soga na Ombeline wa meza ya jirani, na oksijeni inaingia kujipatia chakula cha mchana. Halafu kimiminika chako hakijakauka sawasawa. Halafu una haraka. Tangu utotoni una haraka. Ulikuwa unapindua chapati ya ngano kabla haijashika, kisha unalia kwamba kikaango kibaya.

Hakuna siri, Rozenn. Nilichofanya ndicho kilichoandikwa. Kazi hii inataka mkono mtulivu tu, na mkono unajengwa. Usikate tamaa.

Mbusu Mama.

Tugdual


Rennes, 19 Novemba 2018

Kaka,

Mama anakusalimu. Amekataa kuacha kupanda ngazi, anasema akikaa chini damu itasahau njia. Mvua imetunyeshea tangu Sikukuu ya Watakatifu Wote, paka wa jirani amehamia kwetu.

Chapati nimeacha kupindua mapema tangu nilipokuwa na miaka tisa. Ila nilifanya ulivyosema. Fosfini mpya, nimeifungulia ndani ya sanduku la glavu, haikuona hewa hata chembe. Kimiminika nimekikausha mpaka mashine haikuona maji tena. Haikukubali. Kisha siku moja ikakubali, nami nikakaa kwenye kiti nikajiuliza ni kitu gani hasa kilichobadilika, maana mkono ulikuwa huuhuu.

Ni sumaku ya kukorogea.

Unakumbuka desturi yetu: anayeondoka humwachia anayekuja sumaku zake kwenye chupa ya jemu, zile punje nyeupe zilizofunikwa plastiki, zinazozunguka chini ya chupa na kukoroga dawa. Uliniachia zako siku ulipoondoka, ukazishika juu kama padre anayetoa komunyo, watu wakacheka. Profesa Bescond hataki zichemshwe kwenye asidi kwa sababu ya ule moshi wa rangi ya chungwa, kwa hiyo miaka yote tunazisuuza kwa asetoni, tunazifuta na taulo, basi. Tulipohama tulipewa sumaku mpya kabisa. Nilikuwa nazitumia hizo. Zako nilizitoa tu pale mpya zilipokuwa zote kazini.

Kila mara nilipofaulu, nilikuwa na sumaku yako.

Basi nikafanya jaribio ambalo sikulitaka. Sumaku mpya na kobalti: hakuna kitu. Sumaku yako bila kobalti, bila metali yoyote niliyoiweka mimi: asubuhi fosfini yote ilikuwa imebadilika, safi, kuzidi hata namba zako. Nikazichemsha baadhi ya sumaku zako kwenye mchanganyiko wa asidi mbili kali, mara mbili, bosi akiwa Paris. Zikatoka nyeupe kama meno ya mtoto, na hazikufanya kazi tena hata kwa kobalti.

Kabla ya kobalti ulifanya kazi na rodi miaka miwili, kwa sumaku hizohizo. Rodi imelala kwenye mikwaruzo ya plastiki. Kobalti haikuwahi kufanya kitu, kaka. Ilikuwa inasindikiza.

Nina swali moja. Kwenye makala umeandika kwamba uliporudia bila kobalti, hakuna kilichotokea. Kwa sumaku zako hizi kingetokea. Siku ile ulitumia sumaku ipi?

Sijamwambia Bescond. Wewe ndiye mwenye makala, na wewe ni kaka yangu. Nataka nisikie kwako kwanza.

Rozenn


Trondheim, 21 Desemba 2018

Rozenn mpenzi,

Noeli njema kwako na kwa Mama. Inaniuma kwamba sitakuja. Nina mwanafunzi hapa ambaye nikimwacha wiki moja atalipua jengo, na kamati iko njiani. Nimewatumia samoni aliyekaushwa kwa moshi, akichelewa msimle.

Nimesoma barua yako. Nimeisoma tena. Sumaku ni sumaku. Kila maabara duniani ina chupa ya sumaku kuukuu na dunia haijaanguka. Matokeo machache ya mtu aliyechoka hayajawa ugunduzi, na mtu aliyechoka huona anachokitafuta. Bescond alinipigia simu. Anasema umekonda, unakula peke yako, unajibu watu kwa mkato. Ana wasiwasi nawe. Nilimwambia wewe ni jasiri ila una moto.

Simaanishi kwamba unasema uongo. Nasema tu kwamba jambo la namna hii halitupwi mezani kama samaki. Mfikirie Mama. Ameitundika juu ya jiko ile picha ya jalada la jarida lililochapisha makala yangu, kila anayekuja kununua mayai anaonyeshwa. Anakwenda kupasuliwa moyo baada ya wiki chache, na unataka asikie kwamba kazi ya mwanae ilikuwa uchafu kwenye mikwaruzo? Moyo wake hautahimili. Ngoja apasuliwe, ngoja apone. Baada ya hapo tutazungumza kama watu wazima.

Na tafadhali, usimwambie Bescond kabla yangu. Hilo tu ndilo ninalokuomba.

Kaka yako akupendaye,
Tugdual


Brest, 28 Januari 2019

Tugdual,

Mama yu hai. Naanza na hilo kwa sababu hukupiga simu mpaka jioni. Walimfungua asubuhi, mchana walikuwa wamemfunga. Alipozinduka alitaja jina lako kwanza, akafikiri daktari wa usingizi ni wewe, akamwambia apunguze kuvuta sigara. Maua yako yalifika. Muuguzi akayatoa, hayaruhusiwi wodini; yako kwenye meza ya mapokezi, yanapendeza sana, wagonjwa wa mifupa wanayafurahia.

Namwandalia uji, namkatia kucha, nasoma gazeti kwa sauti. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha plastiki.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita kwenye kikao Bescond alisimama mbele ya watu wote, na grafu zangu tupu zikiwa ukutani, akasema, "Rozenn, kaka yako alifanya hii kazi akiwa amefumba macho. Tuelewe nini?" Ombeline akacheka, si kwa ubaya, ila alicheka. Jibu lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nililimeza. Nilitazama viatu vyangu nikasema nitajaribu tena. Unajua kinavyochukiza, kusema utajaribu tena kitu unachojua hakipo?

Muda wangu unakwisha Septemba. Sina sura hata moja ya tasnifu inayosimama, isipokuwa hii niliyoificha kwa ajili yako.

Umenijibu habari za siagi, za jua, za chapati, za samoni. Swali langu hujalijibu. Siku ile ulitumia sumaku ipi?

Ndani ya bahasha hii kuna sumaku zako nne, na karatasi yenye hatua zote. Fanya kwa mkono wako huo mtulivu. Ukiona ninachokiona, mwandikie Bescond mwenyewe, mimi nitasimama pembeni yako. Nakupa mpaka Pasaka, kwa sababu ya Mama. Baada ya Pasaka nasema mimi.

Rozenn


Trondheim, 9 Februari 2019

Dada yangu,

Bahasha imefika. Asante kwa yote uliyomfanyia Mama. Nilizungumza naye jana na sauti yake ilikuwa ya zamani, akaanza kunigombeza kuhusu soksi. Najua ilikuwa zamu yangu pia. Nina aibu, naomba uamini hivyo.

Nimefanya jaribio lako. Umeona sawa. Nilikaa sakafuni.

Nilikosea kukuambia umechoka. Una jicho, Rozenn, na mkono pia, na yeyote anayesema vingine aje kwangu.

Ili tusiache tundu hata moja nahitaji mambo machache. Sumaku nne hazitoshi. Nitumie zote zilizobaki, watu wa hapa wana mashine inayoweza kuhesabu rodi mpaka chembe ya mwisho. Niambie pia ulizichemsha vipi kwenye asidi, kwa muda gani, na kama ulisuuza kwa maji au kwa kitu kingine. Na joto kamili la jaribio lile lisilo na kobalti. Nieleze tu kama unavyomweleza mtu mjinga.

Wewe ni dada wa kweli.

Tugdual


Plougastel, 18 Februari 2019

Kaka Tugdual,

Unajua nimelia? Niliisoma barua yako kwenye basi kutoka Brest, mama mmoja akanipa kitambaa bila kuuliza. Tangu Novemba nilikuwa nimebeba mzigo huu peke yangu, nikianza kufikiri labda kweli nimerukwa na akili.

Mama ameruhusiwa. Anatembea mpaka kwenye banda la kuku na kurudi, anawasimulia kuku habari za daktari. Yuko na furaha kwamba tunaandikiana. Anasema zamani tulikuwa tukigombana tunajifungia chooni kwa zamu, angalau sasa tunatumia karatasi.

Nakutumia sumaku zote zilizobaki, zote zilizokuwa kwenye chupa. Joto ni mia na ishirini, usiku mzima, chini ya gesi ya arigoni. Kuhusu asidi: nilichemsha mara mbili, kila mara saa nzima, kisha maji mengi, kisha asetoni, kisha kwenye oveni. Karatasi nyingine nimeambatisha, pamoja na grafu zangu zote, na zile za fosfini nyingine mbili nilizojaribu, maana rodi hiyo chafu inafanya kazi vizuri ajabu kwa kiasi kidogo namna ile. Huenda hapo ndipo pana jambo jipya: chembe isiyoonekana inatosha. Nadhani hiyo inaweza kuwa sura yangu, na labda makala, jina langu na lako na la Bescond. Tuandike pamoja. Itakuwa aibu kidogo kwako mwanzoni, lakini watu husamehe anayesema mwenyewe.

Zile nilizochemsha usizisubiri, hazina kitu tena. Chupa ya jemu nimeiosha, Mama anaitaka.

Niandikie haraka safari hii.

Rozenn wako


Trondheim, 6 Aprili 2019

Rozenn,

Natumaini Mama anaendelea vizuri na kwamba kule kwetu maua ya manjano yameshatoka vichakani. Huku theluji imeanza kuwa matope.

Bila shaka umeshaiona makala mpya ya marekebisho. Sikutaka uione kabla sijakueleza, lakini jarida lilichapisha haraka kuliko walivyoahidi, na barua niliyoanza kukuandikia nilikuwa sijaimaliza.

Nilizungumza na Bescond mwezi Februari, palepale. Tulikubaliana kwamba marekebisho yakitoka kwa mwandishi mwenyewe ni jambo safi. Likitoka kwa mwanafunzi, tena ndugu yake wa damu, watu wataona maabara inararuana. Kwa hiyo tumeandika mimi na yeye. Ile habari ya kiasi kidogo cha rodi na fosfini nyingine mbili tumeiingiza pia, maana bila hiyo marekebisho yangekuwa maombolezo matupu. Sasa yana kitu cha kuwapa watu. Jina lako lipo mwishoni, kwenye shukrani. Tumekushukuru kwa mazungumzo yenye manufaa.

Kamati ilikutana wiki mbili zilizopita, rasimu ikiwa mezani mwao. Mwenyekiti alisema hajawahi kuona kijana anayejirekebisha hadharani kabla ya kulazimishwa. Kura zote zilikuwa zangu. Nimebaki, Rozenn. Nilipompigia Mama alishindwa kusema.

Najua utakasirika, na una haki ya kukasirika kidogo. Lakini jiulize ulichokuwa unakitaka. Ulitaka ukweli utoke, umetoka. Ulinipa mpaka Pasaka, nimewahi. Kuhusu lile swali lako la sumaku ipi, sasa halina maana tena, makala ya zamani imeshafutwa.

Nina nafasi moja ya kazi kuanzia Septemba. Njoo. Nahitaji mtu mwenye mkono.

Kaka yako,
Tugdual


Plougastel, 23 Aprili 2019

Tugdual,

Mama hajambo. Hizo ndizo salamu.

Nimesoma mlichoandika. Mmeandika kwamba sumaku zilichemshwa kwenye asidi mara mbili. Mimi nilichemsha mara mbili kwa sababu asidi ya kwanza ilikuwa ya zamani, imekaa chini ya sinki tangu kabla ya kuhama, sikuiamini. Wewe una asidi mpya huko. Hukuuliza kwa nini mara mbili. Ulinakili tu, na sasa wanafunzi wa nchi nzima watachemsha mara mbili wakidhani kuna hekima ndani yake.

Nilikwenda kwa Bescond. Alinimiminia kahawa kwa mkono wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nikamwambia niliona mimi, nikamwekea karatasi zangu mezani. Alizisoma zote, kwa uangalifu, huo sitamnyima. Akasema ni kazi nzuri na inathibitisha vizuri sana makala yenu. Nikamwambia aje nimwonyeshe kwa macho yake, kisha nikakumbuka sumaku zote ziko kwako. Akaangalia tarehe ya kwanza. Akaniuliza, kwa upole, "Novemba? Ulijua tangu Novemba kwamba makala ya maabara hii si kweli, na kila wiki ukakaa kwenye kikao mbele yangu?" Sikuwa na la kujibu ambalo lisingekutaja wewe, na alipoona nimenyamaza akafunga faili. Anasema sura ile haiwezi kuwa yangu, imeshachapishwa. Anasema pia hajui kama anaweza kumwandikia barua ya sifa mtu anayeficha. Katika kazi yetu, anasema, kukosea si dhambi.

Kwa hiyo wewe ndiye mkweli na mimi ndiye niliyeficha, na yote mawili yana karatasi.

Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikakaa vizuri ili upake. Nilijua unajitia hamnazo tangu barua ya kwanza. Nilipoandikiwa kwamba nina jicho na mkono, nikasahau yote niliyoyajua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko tasnifu. Na lile swali unalosema halina maana, umelijibu: mtu asiyejua angesema hajui.

Sitakuja Trondheim. Septemba nitafundisha shule ya sekondari Morlaix, kama watanipa.

Juzi ilikuwa Pasaka. Mama alipika paja la kondoo, akaweka sahani yako pia, kwa sababu siku ile ulipompigia ulimwambia labda utashuka. Tulikula wawili. Akaniambia ulimweleza kila kitu, kwamba ulikosea, kwamba ulisema mbele ya wakubwa, kwamba walikupigia kura zote. Kisha akaweka uma chini akaniuliza, "Na wewe, Tugdual anasema ulikuwa unajua. Tangu lini?"

Nikasema, "Tangu Novemba, Mama."

"Novemba mimi nilikuwa hata sijapasuliwa. Miezi yote hiyo ukamwona kaka yako amesimama kwenye shimo, ukanyamaza?"

"Ndiyo."

Alinitazama. Hajawahi kunitazama vile, hata nilipovunja dirisha la kanisa. Akasema, "Sikukulea hivyo. Afadhali mwenzako alikuwa na ujasiri wa kusema."

Ana kovu jipya kifuani, linaanza chini ya koo, bado jekundu. Akikasirika analishika kwa kiganja bila kujua, na pale mezani alikuwa amelishika. Ningeweza kumwambia nilinyamaza kwa ajili ya nani, na ni nani aliyeniambia kwamba moyo wake hautahimili.

Nikanyamaza tena.

Rozenn